Agnes wa Waiblingen na Nguvu ya Kukeni katika Ujerumani ya Zama za Kati

Historia ya ufalme wa Ujerumani katika karne ya 11 na ya 12 huelezwa kwa kawaida kwa kufuata majina ya wanaume, na vitabu vingi huigawa kwa koo zilizoshika taji: kwanza ukoo wa Salier, uliotawala kuanzia mwaka 1024 hadi 1125, kisha, baada ya mfalme mmoja aliyetoka Saxony, ukoo wa Staufer, ulioanza kutawala mwaka 1138. Pembeni mwa koo hizo mbili husimuliwa habari za ukoo wa Babenberg, walinzi wa mpaka wa mashariki, ambao nchi yao ndiyo iliyokuja kuitwa Austria. Mgawanyo huo unafaa kwa kukumbuka tarehe, lakini unaficha jambo ambalo watu wa zama zile walilifahamu vizuri, kwamba koo hizo tatu zilikutana katika mwanamke mmoja. Agnes wa Waiblingen, aliyezaliwa mwaka 1072 au 1073 na kufariki tarehe 24 Septemba 1143, alikuwa binti wa mfalme wa ukoo wa Salier, mke wa mtu wa kwanza wa ukoo wa Staufer kupata cheo kikubwa, na, baada ya kufiwa na mume huyo, mke wa mtawala wa ukoo wa Babenberg. Kuyafuatilia maisha yake na udugu wake ni kuona jinsi haki iliyopitia kukeni, yaani upande wa mama, ilivyobeba ufalme ambao orodha za watawala huuonyesha kana kwamba ulirithiwa kuumeni peke yake.

Nyumba aliyozaliwa

Baba yake Agnes alikuwa Heinrich IV, mfalme wa Ujerumani, na mama yake alikuwa Bertha wa Savoy, mwanamke wa ukoo uliomiliki njia za kuvukia milima ya Alpi. Wawili hao waliozwa mwaka 1066, nao walikuwa wameposwa tangu utotoni, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba za kifalme. Mwaka 1069 Heinrich aliwaambia wakuu wa nchi waliokutanika Worms kwamba anataka kumwacha mkewe, na wala hakumtuhumu kwa kosa lolote, bali alidai tu kwamba hawaelewani. Papa alimtuma Petrus Damiani, kardinali aliyesifika kwa ukali wa maadili, naye akaikataa talaka hiyo mbele ya mkutano wa Frankfurt, hata mfalme akalazimika kuishi na mkewe. Agnes na ndugu zake walizaliwa ndani ya ndoa hiyo iliyonusurika kuvunjika, na laiti matakwa ya Heinrich yangekubaliwa mwaka 1069, asingezaliwa binti ambaye kwake ilitoka nasaba ya wafalme waliofuata.

Majina ya watoto hao yanaonyesha namna nyumba hiyo ilivyohesabu undugu. Binti wa kwanza aliitwa Adelheid, jina la bibi yao mzaa mama, ambaye alitawala Turin kwa mkono wake mwenyewe, na binti wa pili alipewa jina la bibi mzaa baba, Agnes wa Poitou. Huyu Agnes mkubwa alikuwa mjane wa Kaisari Heinrich III, na tangu mwaka 1056 aliongoza ufalme kwa niaba ya mwanawe aliyekuwa bado mtoto mdogo. Katika uongozi huo alifanya uamuzi uliokuja kumgusa mjukuu wake: mwaka 1057 alimpa Rudolf wa Rheinfelden utawala wa Swabia, pamoja na ahadi ya kumwoza binti yake Matilda, dada wa mfalme. Swabia lilikuwa jimbo kubwa la kusini-magharibi, lililokusanya pia sehemu ya nchi ambayo leo ni Uswisi, na mtawala wake aliitwa Herzog, cheo cha Kijerumani ambacho asili yake ni maana ya mtu anayeliongoza jeshi. Kwa kumpa Rudolf jimbo na mke kwa pamoja, Agnes wa Poitou alikuwa akimfunga mtawala huyo kwenye nyumba ya kifalme kwa kamba mbili, ya cheo na ya ukwe. Matilda, hata hivyo, alifariki mapema, mwaka 1060, na kamba ya pili ikakatika.

Posa ya mwaka 1079

Kukatika kwa kamba hiyo kulionekana wazi pale ulipozuka mgogoro mkubwa kati ya mfalme na Kanisa. Ugomvi huo, ambao wanahistoria huuita mgogoro wa kuwasimika maaskofu, ulihusu swali la nani mwenye haki ya kumkabidhi askofu mpya pete na fimbo, ambazo ni alama za madaraka yake. Swali hilo lilikuwa la dini na la mali kwa wakati mmoja, kwa kuwa maaskofu wa Ujerumani walimiliki ardhi, ngome na askari, na mfalme asiyeweza kuwachagua alikuwa amepoteza nguzo kubwa ya utawala wake. Papa Gregori VII alimtenga Heinrich na Kanisa mwaka 1076, na ingawa mfalme alivuka Alpi katikati ya baridi na kuomba msamaha kwenye ngome ya Canossa mwezi Januari 1077, wakuu waliomchukia hawakungoja. Tarehe 15 Machi 1077, walipokutana Forchheim, walimchagua mfalme mwingine wa kumpinga, naye alikuwa yuleyule Rudolf wa Swabia, aliyewahi kuwa shemeji wa mfalme.

Heinrich alimvua Rudolf jimbo lake, lakini cheo kilichoachwa wazi kilihitaji mtu atakayeweza kukishika kwa upanga. Pasaka ya mwaka 1079, akiwa Regensburg, mfalme alimpa Swabia kabaila mmoja wa huko aliyeitwa Friedrich, mtu ambaye ukoo wake haukuwa na jina kubwa kulinganisha na koo nyingine za jimbo hilo, na papo hapo akamposesha kwa binti yake Agnes. Bibi arusi mtarajiwa alikuwa na umri wa miaka kama 6 au 7, na ndoa yenyewe ilikamilika miaka kadhaa baadaye, alipofikia umri wa kuolewa. Heinrich alirudia hatua ileile aliyoichukua mama yake mwaka 1057, akiamini kwamba mkwe ni mtiifu kuliko mtumishi, na safari hii hesabu ilimtokea sawa, kwa sababu Friedrich alisimama upande wake mpaka mwisho wa uhai wake.

Kwa Friedrich na kizazi chake, ndoa hiyo ilikuwa na thamani kupita cheo chenyewe. Cheo kilibaki kikigombaniwa kwa karibu miaka 20, kwa sababu wapinzani wa mfalme walimtambua kwanza mwana wa Rudolf, kisha Berthold wa ukoo wa Zähringen, na suluhu ilipatikana mwaka 1098 tu, ambapo Friedrich alibaki na Swabia naye Berthold akapewa Zürich pamoja na haki ya kuitwa Herzog. Damu ya mke, kinyume chake, haikuweza kugombaniwa wala kugawanywa. Friedrich alijenga ngome juu ya mlima wa Staufen, na kutokana na mlima huo ukoo wake ukapata jina la Staufer, lakini waandishi wa karne iliyofuata hawakuiona ngome hiyo kuwa chimbuko la heshima yao. Chimbuko walilolitaja lilikuwa Waiblingen, mji mdogo karibu na Stuttgart ya leo, ambao ulikuwa mali ya ukoo wa Salier, yaani watu wa kukeni. Jina hilo lilipofika Italia liligeuka katika vinywa vya watu na kuwa Ghibellini, jina la kundi lililomuunga mkono Kaisari dhidi ya Papa, wakati wapinzani wao waliitwa Guelfi kutokana na jina la ukoo wa Welf. Makundi hayo mawili yaliisumbua miji ya Italia kwa vizazi kadhaa, na jina la moja kati yake lilikuwa ni la urithi wa Agnes.

Agnes alimzalia Friedrich watoto kadhaa, ambao mashuhuri kati yao ni Friedrich II wa Swabia, aliyezaliwa mwaka 1090, na Konrad, aliyezaliwa mwaka 1093. Pamoja na mumewe alianzisha monasteri ya Lorch mnamo mwaka 1102, kwenye kilima kisichokuwa mbali na Staufen, ili watawa wa Mtakatifu Benedikto wawaombee marehemu wa ukoo. Friedrich alifariki mwaka 1105 na kuzikwa huko, akimwacha Agnes mjane wa miaka zaidi kidogo ya 30, na wana ambao mkubwa wao alikuwa na umri wa miaka 15 tu.

Ndoa ya pili na bei yake

Mwaka huohuo nyumba aliyozaliwa Agnes ilikuwa imegawanyika vibaya. Wadogo zake wa kiume hawakuwa kinga ya baba yao: Konrad, aliyemfuata Agnes kuzaliwa, alimwasi mfalme huko Italia mwaka 1093 na kufariki mwaka 1101 bila kupatana naye, na mwishoni mwa mwaka 1104 mdogo wao Heinrich naye aliinuka dhidi ya mzee. Majeshi ya baba na mwana yalikabiliana mwaka 1105 kwenye kingo za mto Regen, na hapo mambo yaliamuliwa bila vita kubwa, kwa sababu watu wawili wenye nguvu katika kambi ya mfalme mzee walimwacha mkono na kujiondoa. Mmoja wao alikuwa Leopold III wa ukoo wa Babenberg. Leopold alikuwa Markgraf, yaani mtawala wa jimbo la mpakani lenye wajibu wa kulinda nchi, na mpaka wake ulikuwa ule wa mashariki, kando ya mto Danube, ambao ukoo wake ulikabidhiwa tangu mwaka 976.

Mfalme mzee alikamatwa na mwanawe, akalazimishwa kujiuzulu Ingelheim mwishoni mwa Desemba 1105, akatoroka, na akafa Liège tarehe 7 Agosti 1106. Kwa kuwa alikuwa ametengwa na Kanisa, mwili wake ulikaa miaka 5 nje ya makaburi matakatifu mpaka ulipozikwa rasmi katika kanisa kuu la Speyer mwaka 1111. Katika mwaka uleule wa kifo hicho, mfalme mpya Heinrich V, akisimama mahali pa walii wa dada yake, alimwoza Agnes kwa Leopold. Wanahistoria huiona ndoa hiyo kuwa malipo ya kile kilichofanyika mtoni Regen, na ni vigumu kuikataa tafsiri hiyo. Agnes alitolewa mara ya kwanza ili kumpata mtu atakayemlinda baba yake, na mara ya pili alitolewa ili kumlipa mtu aliyemwacha baba huyohuyo.

Kwa upande wa Leopold, malipo hayo yalikuwa makubwa mno. Mtawala wa mpakani, ambaye kwa ngazi za heshima alikuwa chini ya kila Herzog, alikuwa sasa shemeji wa mfalme, na tangu mwaka 1111, Heinrich V alipotawazwa Roma, akawa shemeji wa Kaisari. Leopold alihamishia makao yake Klosterneuburg, juu kidogo ya Vienna kwenye ukingo wa Danube, na tarehe 12 Juni 1114 liliwekwa pale jiwe la msingi la kanisa kubwa. Mapokeo ya baadaye yanaeleza chanzo cha kanisa hilo kwa hadithi ya shela: inasemekana upepo ulimnyang'anya Agnes shela yake ya arusi, na miaka 9 baadaye Leopold, akiwa mawindoni, akaikuta imenasa kwenye kichaka, nzima kama ilivyopotea, akaapa kujenga nyumba ya ibada mahali hapo. Hadithi hiyo si ushahidi wa tukio, lakini ni ushahidi wa kumbukumbu, kwa maana inaweka mwanzo wa kanisa kuu la ukoo wa Babenberg katika vazi la bibi arusi wa kifalme.

Uchaguzi wa mwaka 1125

Nafasi ya Agnes katika nasaba ya kifalme ilijitokeza wazi tarehe 23 Mei 1125, Heinrich V alipofariki Utrecht bila kuacha mtoto halali. Mkewe, Matilda, binti wa mfalme wa Uingereza, alirudi kwao, na ukoo wa Salier kwa upande wa kuumeni ukawa umekwisha. Mali binafsi za ukoo huo, yaani mashamba, misitu na ngome zilizokuwa za familia na si za taji, Heinrich aliziacha mikononi mwa mpwa wake Friedrich II wa Swabia, mwana mkubwa wa Agnes. Lugha ya Kiswahili ina neno linalofaa hapa, kwa sababu mpwa ni mtoto wa dada, na ni udugu wa mjomba na mpwa hasa ulioamua nani arithi.

Wakuu walikutana Mainz mwezi Agosti kumchagua mfalme mpya, wakateua wajumbe 40, 10 kutoka kila moja ya jamii nne za Wabavaria, Waswabia, Wafranconia na Wasaxony. Kati ya waliopendekezwa alikuwamo Friedrich, mwana wa Agnes, pamoja na Leopold, mume wa Agnes, hata ikawa baba wa kambo na mtoto wa kambo wanatajwa kwa kiti kimoja, na wote wawili kwa sababu ya undugu na mwanamke yuleyule. Leopold alipiga magoti akaomba asitwishwe mzigo huo. Friedrich hakuomba kuepushwa, na kujiamini kwake kuliwaudhi waliokuwa hawataki ufalme uonekane kama urithi wa mtu. Aliyechaguliwa ni Lothar wa Supplinburg, mtawala wa Saxony, baada ya Herzog wa Bavaria wa ukoo wa Welf, aliyekuwa mkwe wa Friedrich, kugeuka na kumpigia kura Lothar. Ugeukaji huo nao ulikuwa na ndoa ndani yake, kwani Gertrud, binti pekee wa Lothar, aliyekuwa na umri wa miaka 10, aliolewa miaka 2 baadaye na mwana wa mtawala huyo wa Bavaria, aitwaye Heinrich Mwenye Fahari.

Lothar alipodai kwamba sehemu ya mali alizorithi Friedrich ilikuwa ya taji, vita vilianza. Mwaka 1127 wafuasi wa ukoo wa Staufer walimtangaza Konrad, mwana wa pili wa Agnes, kuwa mfalme wa kumpinga Lothar, na mapigano yaliendelea hadi mwaka 1135, ndugu hao wawili walipojisalimisha kwa masharti yasiyowaumiza. Kiini cha mgogoro wote huo kilikuwa swali la kisheria kuhusu mali iliyopitia kukeni: ni ipi iliyokuwa ya nyumba, na kwa hiyo ikaweza kufika kwa wana wa binti, na ni ipi iliyokuwa ya nchi.

Wana wa tumbo moja

Lothar alifariki Desemba 1137, naye Heinrich Mwenye Fahari, mkwe wake, aliyeshika Bavaria na Saxony kwa pamoja, alionekana kuwa na nguvu kuliko wote. Wakuu waliogopa nguvu hiyo, na tarehe 7 Machi 1138, Koblenz, kundi dogo la wapiga kura lilimchagua Konrad, anayejulikana kama Konrad III. Agnes, aliyekuwa amefiwa na Leopold mwaka 1136, aliishi kumwona mwanawe akiwa mfalme. Mfalme huyo hakuchelewa kuwakumbuka ndugu zake wa kuchangia mama: alipomnyang'anya Heinrich Mwenye Fahari jimbo la Bavaria, mwaka 1139 alilikabidhi kwa Leopold IV, mwana wa Agnes na Leopold, na huyu alipofariki mwaka 1141, jimbo hilo lilimfikia ndugu yake, Heinrich aliyeitwa kwa lakabu Jasomirgott. Wana hawa hawakuwa na baba mmoja wala hawakutoka nchi moja, bali kilichowaunganisha kuwa kundi moja la kisiasa ni kwamba walitoka tumbo moja.

Ili kutuliza ugomvi na ukoo wa Welf, mwaka 1142 ilifungwa ndoa nyingine iliyowarudisha watu walewale kwenye meza moja. Gertrud, binti wa Lothar, sasa akiwa mjane wa Heinrich Mwenye Fahari, aliolewa na Jasomirgott, na mwanawe wa ndoa ya kwanza, Heinrich Simba, akarudishiwa Saxony. Gertrud alifariki katika uzazi mwaka uliofuata, na amani iliyosimama juu yake ikayumba, kwa kuwa Heinrich Simba alipokua alidai pia Bavaria, jimbo la baba yake, kutoka mikononi mwa aliyekuwa baba yake wa kambo.

Aliyeutatua mgogoro huo ni mjukuu wa Agnes. Konrad III alipokaribia kufa mwaka 1152 aliona kwamba mwanawe alikuwa bado mtoto, akampendekeza Friedrich, mwana wa kaka yake, ambaye alichaguliwa Frankfurt tarehe 4 Machi 1152 na ambaye Waitaliano walimwita Barbarossa, maana yake mwenye ndevu nyekundu. Otto, askofu wa Freising, alieleza kwa nini wakuu walimwelekea mtu huyo: baba yake alitoka kwa watu wa Waiblingen na mama yake, Judith, alitoka kwa watu wa Welf, kwa hiyo angeweza kuwa kama jiwe la pembeni linalounganisha kuta mbili. Mwandishi huyo hakuwa mtazamaji wa mbali, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mwana wa Agnes na Leopold, na kwa istilahi za Kiswahili alikuwa baba mdogo wa mfalme aliyekuwa akimwandikia.

Undugu wa Barbarossa ndio unaoeleza suluhu ya mwaka 1156. Jasomirgott alikuwa baba yake mdogo, na Heinrich Simba alikuwa mtoto wa mjomba wake, hivyo mfalme alikuwa akiamua kati ya kuumeni kwake na kukeni kwake. Mwezi Septemba, Regensburg, Jasomirgott alimrudishia mfalme bendera 7 zilizokuwa alama ya Bavaria, mfalme akampa Heinrich Simba, na huyu akarudisha bendera 2 zilizowakilisha jimbo la mpakani la mashariki. Barbarossa akalipandisha jimbo hilo daraja, na tangu siku hiyo Austria ikawa na Herzog wake, ikiwa haiwajibiki tena kwa Bavaria. Hati ya tarehe 17 Septemba 1156, inayojulikana kwa jina la Kilatini Privilegium Minus, ilitoa jimbo hilo kwa Jasomirgott pamoja na mkewe wa pili, Theodora wa nyumba ya kifalme ya Konstantinopoli, na ikaamuru kwamba watoto wao watarithi bila kubagua wa kiume na wa kike, na kama hawatapata watoto wataweza kumteua mrithi wamtakaye. Jambo ambalo katika maisha ya Agnes lilifanyika kwa mazoea na kwa vita lilipata hapo muhuri wa sheria, mikononi mwa mwanawe na mjukuu wake.

Otto na mabinti

Otto anastahili kutajwa zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya yanayojulikana kuhusu ukoo huu yamepita kwenye kalamu yake. Alisoma Paris, akaingia utawa wa Kisistersia katika monasteri ya Morimond, na mwaka 1138 akawa askofu wa Freising. Aliandika historia ya ulimwengu aliyoiita habari za miji miwili, na baadaye historia ya matendo ya Barbarossa, aliyoiacha bila kuikamilisha alipofariki tarehe 22 Septemba 1158. Katika kitabu cha kwanza alisimulia jinsi alivyomkuta Viterbo, mwaka 1145, askofu mmoja kutoka Sham aliyezungumzia mfalme na kasisi Mkristo aitwaye Yohana, anayetawala mbali mashariki kupita Uajemi. Hayo ndiyo maandishi ya kwanza yanayojulikana ya hadithi ya Padri Yohana. Vizazi vilivyofuata vilihamisha makao ya mfalme huyo hadi Ethiopia, na Wareno wa msafara wa Vasco da Gama walipofika Msumbiji mwaka 1498 walikuwa bado wakiulizia habari zake kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Kwa njia hiyo neno lililoandikwa na mwana wa Agnes lilisafiri hadi bahari ya Waswahili.

Mabinti nao walieneza udugu huo kwa upana kuliko kaka zao. Gertrud aliolewa mwaka 1140 na Vladislav II wa Bohemia, ambaye mwaka 1158 Barbarossa alimpa taji la ufalme. Agnes, aliyebeba jina la mama na la bibi, aliolewa na Władysław II, mwana mkubwa wa mtawala wa Poland. Ndugu wa Władysław walipomfukuza mwaka 1146, mke na mume walikimbilia kwa Konrad III, ndugu wa mke, wakapewa hifadhi Altenburg, na mwaka 1157 Barbarossa aliingia Poland na jeshi kwa kisa chao. Wana wao walirudishiwa Silesia mwaka 1163, na kizazi chao kiliendelea kutawala sehemu za nchi hiyo hadi mwaka 1675. Richeza, binti wa ndoa hiyo, aliolewa na Alfonso VII wa Castile, hivyo mjukuu wa Agnes wa Waiblingen akawa malkia nchini Hispania.

Binti mwingine, Judith, aliolewa na Wilhelm V wa Montferrat, kaskazini mwa Italia, na wanawe walielekea mashariki ya Mediterania. Wa kwanza alimwoa Sibylla, mrithi wa ufalme wa Yerusalemu, akafariki mwaka 1177 na kuacha mtoto aliyekuja kuwa mfalme Baldwin V, kitukuu wa Agnes. Konrad wa Montferrat aliulinda mji wa Tiro dhidi ya Salahuddin mwaka 1187, akateuliwa kuwa mfalme wa Yerusalemu, na akauawa Aprili 1192 na wauaji wa siri wa Waismailia wa Nizari, waliokuwa na ngome katika milima ya Sham. Bonifacio, mdogo wao, aliongoza vita vya nne vya msalaba vilivyoishia kuiteka Konstantinopoli mwaka 1204. Vita vya pili, vya mwaka 1147, vilikuwa tayari vimewakusanya Konrad III, Jasomirgott, Otto, Barbarossa na wakwe wa Montferrat na Bohemia, kiasi kwamba msafara wa Wajerumani kwenda Sham ulikuwa pia msafara wa wana, mjukuu na wakwe wa mwanamke mmoja, aliyekuwa amezikwa Klosterneuburg miaka 4 kabla.

Hukumu ya nasaba

Yako mambo mawili ambayo maisha ya Agnes hayaruhusu kuyachanganya. La kwanza ni kwamba hakuwa huru kuchagua: aliposwa akiwa mtoto, akaozwa tena akiwa mjane, na mara zote mbili wanaume wa kwao ndio waliopanga, kwa faida yao. La pili ni kwamba kutokuwa na uhuru huo hakukumaanisha kukosa uzito, kwa sababu wale waliompanga walijua kwamba walichokuwa wakikitoa hakipatikani kwingine. Ardhi iliweza kutekwa na vyeo viliweza kufutwa, lakini mtu aliyetaka kuwa mrithi wa wafalme wa Salier baada ya mwaka 1125 alihitaji kuwa mtoto wake, au mjukuu wake. Msingi huo ulidumu hata koo zenyewe zilipokwisha. Mwanamume wa mwisho wa ukoo wa Babenberg alipouawa vitani tarehe 15 Juni 1246, waliotaka Austria walianza kwa kuwatafuta wanawake wa nyumba hiyo, na Ottokar wa Bohemia alimwoa Margarete, dada wa marehemu, mwaka 1252, ili ashike nchi kwa haki ya mkewe.

Leopold III alitangazwa mtakatifu mwaka 1485, na kwa kuadhimisha tukio hilo watawa wa Klosterneuburg waliagiza mchoro mkubwa wa nasaba ya ukoo wa Babenberg, uliochorwa kati ya mwaka 1489 na 1492. Ubao wa katikati umejaa wanaume, kila mmoja katika duara lake, wakiwa vitani, mawindoni au wakijenga makanisa. Wanawake wamechorwa katika mabawa mawili ya pembeni, na Agnes ni mmoja wao.